Chakula cha Mababu, Chai ya Moto na Saratani Kilimanjaro

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Kilimanjaro, kazi ya watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walichukua vijana wa kiume 77, wote wazima. Waliozoea mlo wa kijijini, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walilishwa soseji, mkate mweupe, chipsi na vinginevyo vya mjini kwa wiki mbili. Waliozoea vya mjini wakarudishwa kwenye vya kijijini. Kundi jingine likapewa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Damu za waliohamia mlo wa kisasa zilionyesha inflamesheni imepanda, ile hali ya kinga ya mwili kubaki imechokozeka ingawa hakuna kidonda. Waliorudi kwenye mlo wa asili ilishuka, na hata wanywaji wa mbege walipata nafuu. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Ni kazi nzuri, na imefanyika nyumbani, jambo ambalo ni nadra. Ila kutoka hapo hadi "kula kama babu, saratani itakupita" watu hawakukawia kufika. Jaribio lenyewe halikupima saratani. Saratani nyingi huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujijenga, na wiki mbili haziwezi kutuambia nani ataugua. Kati ya lilivyopima, kinachotuhusu hapa ni inflamesheni, ambayo ikidumu huchangia baadhi ya saratani.

Hata hivyo wanaotetea mlo wa asili hawatetei hewa. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago pale Kampala, alikuwa miongoni mwa waliopigia debe nyuzinyuzi za chakula baada ya kuona kwamba saratani ya utumbo mpana, tele huko Ulaya, ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana milo kati ya Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini, na ndani ya wiki mbili tu utumbo wa kila upande ulionyesha mabadiliko, wa Wamarekani ukielekea kwenye nafuu na wa wenzao ukielekea kwenye hatari. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama za kusindika kwenye kundi la kwanza la visababishi: gramu 50 kila siku, kiasi cha soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Kwa hiyo mama anayempa mtoto kande badala ya soseji yuko sahihi, na hahitaji kusubiri utafiti mwingine.

Shida inaanza tunapouliza swali ambalo washabiki wa mlo wa asili hawapendi kuulizwa. Kama jiko la mababu ni ngao, mbona Kilimanjaro ina saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni? Mkoa huu umo ndani ya ukanda unaoshuka upande wa mashariki wa bara, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huo umekita mizizi. Na wanaougua wengi ni watu wa vijijini waliokula ndizi na maharage maisha yao yote.

Jibu moja liko kikombeni. Watafiti waliokwenda vijijini Kilimanjaro na kipimajoto walikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa na nyuzijoto kama 70 za Selsiasi. Chai ya maziwa ilinyweka ikiwa ya moto zaidi kuliko ya rangi, kwa karibu nyuzi mbili, kwa sababu inachelewa kupoa. IARC mwaka 2016 iliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani. Neno yumkini tusiliruke, maana ushahidi wake kwa binadamu bado ni finyu. Kinachodhaniwa ni kwamba umio unaoungua kila siku huishi katika kujikarabati, na ukarabati usiokwisha huzaa makosa. Kahawa, ambayo wengi waliiogopa, katika tathmini hiyohiyo ilitolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kosa ni moto, wala si jani la chai wala buni.

Jibu la pili ni pombe, na hapa mbege inatuweka pabaya. Pombe imekuwa kwenye kundi la kwanza la IARC tangu 1988, bila kujali imetengenezwa kwa zabibu au kwa ndizi, ulezi na magome ya msesewe. Mwili huigeuza kuwa asetaldihaidi, na kemikali hiyo huharibu vinasaba. Je, jaribio la 2025 linapingana na hilo? Sioni hivyo. Uchachushaji, ulezi na nyuzinyuzi vinaweza kuituliza kinga ndani ya wiki, na alkoholi iliyomo kwenye kata hiyohiyo ikaendelea kuudhuru umio kwa miaka. Vipimo viwili, saa mbili tofauti. Tumbaku sina haja ya kuijadili, hakuna anayebishana nayo ila anayeiuza.

Kisha kuna ghala. Mahindi na karanga zilizokaushwa juu ya udongo na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huacha sumukuvu ambayo jiko haliiondoi. Watanzania tuliijua kwa ukali mwaka 2016 ilipoua watu Dodoma na Manyara, lakini kwa dozi ndogo za kila siku hufanya kazi kimya kwenye ini, hasa la mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B. Hiki nacho ni chakula cha asili, tena kimelimwa shambani bila kiwanda. Kukausha juu ya turubai, kutupa punje zilizooza, kutumia mifuko isiyopitisha hewa: mazoea haya hayapigwi picha mitandaoni kama juisi ya kijani, na kwa maoni yangu kwa familia ya kijijini yana thamani kuliko juisi kumi.

Wapo wa upande wa pili kabisa, wanaosema mazoea ni porojo, saratani ni kudra. Wana sehemu ya ukweli. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya madaktari wamewaona wagonjwa wa saratani ya umio wasiofika miaka 30, umri ambao chai na pombe hazijapata muda wa kutosha kueleza. Wanawake wasiovuta wala kunywa hupata saratani ya titi, na kuwauliza "ulikuwa unakula nini?" ni ukatili unaojifanya ushauri. Burkitt mwenyewe jina lake limebaki kwenye uvimbe wa taya alioueleza mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda, unaohusishwa na kirusi na malaria. Hakuna mchicha ambao ungewaokoa.

Ila kudra inatumika vibaya pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 30 hadi 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa, na watu hudhani hapo inasemwa saladi peke yake. Katika nchi zetu sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni maambukizi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka Tanzania, karibu yote hutokana na kirusi cha HPV. Chanjo yake ilitolewa kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo ya homa ya ini B watoto wamekuwa wakipewa tangu 2002. Kumpeleka binti akachanjwe, na mama mwenyewe kwenda kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, ni mazoea ya afya sawa na kutembea asubuhi. Ningeyaweka juu kabisa ya orodha, kisha tumbaku na pombe, kisha ghala kavu na chai iliyopoa kidogo, halafu ndipo tuanze kubishana kuhusu soseji.

Na mbege? Mzee anayepiga kata moja kwenye harusi simwambii amwage. Anayekaa kilabuni kila jioni na sigara mkononi ndiye wa kuambiwa, kwa sababu kwenye umio vitu hivyo viwili vikikutana hatari haijumlishwi, inazidishwa. Tatizo ni kwamba huyo ndiye aliyefurahi zaidi kusikia kwamba mbege imethibitishwa na wanasayansi.