Muulizeni mama kuhusu mkojo wake

Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito, huchomwa chanjo, kadi hujazwa. Mama aliyembeba huulizwa kama ananyonyesha, na pengine atatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Ni nadra aulizwe kama mkojo unamtoka akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo. Mimi nasema swali hilo liwe la lazima, tena lianze hudhurio la siku ya 42 baada ya kujifungua.

Kuhusu fistula tumejifunza kusema, na nashukuru. Siku hizi hata redioni unasikia ikielezwa: uchungu ukichukua siku nzima au mbili mtoto amekwama, kichwa chake hubana nyama laini zilizo kati ya kibofu na uke mpaka zinakosa damu na kufa, linabaki tundu, na mkojo unachuruzika usiku na mchana. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ilifika mahali pa kuwatumia wagonjwa wa mbali nauli kwa M-Pesa, kwa sababu operesheni ya bure haimsaidii mtu asiyeweza kulipia basi. Umoja wa Mataifa umeitengea fistula siku yake, tarehe 23 Mei.

Ila wapo wanawake wengine, na ni wengi kuliko wenye fistula, ambao mkojo unawatoka kidogo kidogo. Hawana tundu popote. Kwa kuwa hali yao si ile ya redioni, wanaamini si ugonjwa. Shangazi naye anathibitisha: "Ndiyo uzazi huo mwanangu, utazoea." Basi wanazoea. Wanakata vipande vya kanga kuukuu, wanavaa nguo za rangi nzito, harusini wanakaa karibu na mlango. Akiwa na safari ya Mwanza hanywi maji tangu jana yake. Wapo Waislamu walioacha kusali kwa kuona hawana twahara, ilhali sheria imewawekea wepesi: mwenye mkojo usiokatika hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati wa sala ya faradhi ukishaingia, kisha husali. Wao hawajui, kwa sababu kumuuliza sheikh kunawalazimu kwanza wajieleze.

Akijikaza akaenda zahanati, mara nyingi anarudi na jibu moja: UTI. Anapewa antibayotiki, na baada ya miezi anapewa nyingine. Maambukizi kwenye njia ya mkojo ni kweli humfanya mtu abanwe ghafla na ajikojolee, ndiyo maana mkojo lazima upimwe. Lakini kipimo kikiwa safi, na mkojo unatoka tu pale anapopiga chafya, hapo hakuna bakteria wa kuua. Dozi ya tatu itamwachia fangasi na usugu wa dawa, na mkojo utaendelea kutoka. Hili linaniumiza kuliko mengine yote, maana huyu mama alishavuka aibu akaja.

Wakati kazi kubwa ya uchunguzi ni kuuliza na kusikiliza. Unatoka ukikohoa au ukinyanyua kitu? Hapo misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, imelegea, kwa uzazi, unene, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha miaka au kukoma hedhi. Unabanwa ghafla na hufiki chooni? Kibofu kinajikaza kabla ya wakati wake. Unadondoka huku tumbo la chini limejaa? Kibofu hakimalizi mkojo. Kwa mwanamume fikiria tezi dume, kwa yeyote fikiria kisukari kilichoharibu neva. Unachuruzika muda wote baada ya uzazi mgumu? Ni fistula mpaka ithibitishwe kuwa siyo. Wengi wana aina mbili kwa pamoja.

Baada ya hapo kuna daftari. Kwa siku tatu mgonjwa anaandika alichokunywa, saa alizokwenda chooni, kiasi alichotoa kwa kikombe chenye vipimo, na lini ulimtoka. Anakohoa kibofu kikiwa kimejaa, mhudumu akiangalia. Anapigwa utrasaundi baada ya kukojoa kuona kilichobaki. Fistula ikishukiwa, kibofu hujazwa maji yenye rangi ya bluu na pamba ikawekwa ukeni kuona kama rangi inavujia huko. Dawa anazotumia nazo zitazamwe, hasa za presha zile zinazokojoza. Damu kwenye mkojo isisubiri. Na mtu anayeanza ghafla kujikojolea huku miguu inaishiwa nguvu, au sehemu za siri zimekufa ganzi, afikishwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga yana jina la daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeandika habari zake mwaka 1948. Unakaza kama unazuia ushuzi, unashikilia, unaachia, bila kubana pumzi wala tumbo. Mikazo 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuwa walielekezwa mlangoni wakiwa wanatoka, wala hakuna aliyehakikisha kwamba wanakaza misuli yenyewe. Anayebanwa ghafla hufundisha kibofu kusubiri, dakika chache kisha zaidi, kwa wiki 6 au kupita. Apunguze kahawa na chai nzito, lakini asiache maji, kwani mkojo mzito huchokoza kibofu na choo nacho huwa kigumu. Zipo dawa za kutuliza kibofu. Oksibutinini ni mojawapo, ila kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa, hivyo bibi asinunuliwe tu dukani. Upasuaji upo pia, na usifanywe kabla ya mazoezi kujaribiwa. Uingereza ilisimamisha nyavu za plastiki za kushikilia njia ya mkojo mwaka 2018 baada ya wanawake wengi kulalamikia madhara yake, kwa hiyo muulize daktari atakuwekea nini.

Nasisitiza kuuliza mapema kwa sababu hata fistula, ikiwa ndogo na bado mbichi, inaweza kuziba yenyewe mgonjwa akiwekwa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Akija baada ya mwaka, njia hiyo imeshapita, imebaki operesheni.

Kwa hiyo dada na kaka zangu wauguzi, ongezeni mstari mmoja kwenye maswali yenu. Muulizeni akiwa peke yake, mama mkwe akiwa nje. Msimwulize kama ana tatizo la mkojo, atasema hana. Mwulizeni kama huwa unamtoka akikohoa, au kabla hajafika chooni, hata kidogo. Akisema ndiyo, pimeni mkojo, mfundisheni mazoezi hapo hapo, na tarehe muiandike. Akirudi na mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi 9, mwulizeni tena. Kama bado unatoka, mpeni rufaa.