Giza la simu lina saa zake

Likizo iliyopita nilichukua simu ya mama, nikaingia kwenye mipangilio na kuiweka kwenye mandhari meusi, yaani giza: ukurasa mweusi, maandishi meupe. Sikumuuliza. Simu yangu na kompyuta yangu ni nyeusi kwa miaka sasa, nikaona namfanyia hisani: macho hayatamchoka na chaji itakaa. Jioni akaniita barazani. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, ameisogeza mbali na uso kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha daladala inayokuja.

"Mwanangu, simu yangu imekuwaje? Maandishi yana ukungu."

Nikadhani ni miwani. Nikaifuta kwa kitambaa, nikamrudishia. Akaangalia tena. "Hapana. Herufi zina vivuli pembeni. Hii a na hii o naona ni kitu kimoja." Nikamrudishia weupe wake, akausoma ujumbe mrefu wa shangazi mpaka mwisho bila kusita.

Giza silikatai, na usiku siwezi kukaa bila hilo. Ninachokipinga ni kulifanya dawa ya kila jicho, kila simu na kila saa, kama nilivyofanya mimi.

Kilichomsumbua mama kina maelezo. Kioo kikiwa cheusi, mboni ya jicho hupanuka ili kuingiza mwanga zaidi. Ikipanuka, mwanga hupita hata pembezoni mwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na lenzi, na kama konea haikukaa mviringo sawasawa, hali waliyo nayo watu wengi mno, herufi nyeupe juu ya weusi hutawanyika na kuota ukungu. Kioo cheupe huifanya mboni isinyae, na picha ikawa wazi zaidi. Ndiyo maana mtu asiyeona vizuri hukunja macho. Watafiti wa chuo kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, waliwahi kuwapa vijana na wazee kazi ya kutafuta makosa kwenye maandishi, na matokeo yakatoka mwaka 2013: rika zote mbili zilifanya vizuri zaidi kwenye maandishi meusi juu ya weupe. Hata vijana.

Sasa chaji, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mtaani kwetu kuna wakala wa pesa mwenye meza chini ya mwavuli, kando ya barabara. Saa saba mchana nilimkuta ameifunika simu kwa kiganja, kichwa kimeinama karibu kuigusa, anatafuta muamala wa mteja aliyekuwa amesimama juani akisubiri. Kioo cheusi mchana ni cha kujitazamia: alikuwa anauona uso wake na mbavu za mwavuli. Nikamuuliza kwa nini asiweke nyeupe. Akaniambia fundi wake alimweleza kuwa nyeusi inatunza chaji.

Inategemea kioo. Kwenye vioo vya OLED kila nukta hujiwashia taa yake, na nukta nyeusi imezimwa kabisa, kwa hiyo giza ni akiba ya kweli. Kwenye vioo vya LCD, ambavyo ndivyo vimejaa kwenye simu za bei nafuu, kuna taa moja nyuma inayowaka muda wote. Weusi unaouona ni taa iliyozibwa, na betri inalipia ileile. Ukitaka kujua yako ni ipi, usiku zima taa ya chumbani kisha fungua picha nyeusi tii. Kioo kikipotea gizani, una OLED. Kikibaki kinang'aa kijivujivu, una LCD, na kioo cheusi hakikuongezei hata dakika moja ya maana. Simu ya wakala ilikuwa LCD. Aliumia macho bure.

Na hata kwenye OLED, hesabu si ile inayotangazwa mitaani. Chuo kikuu cha Purdue, Marekani, kilipima mwaka 2021: mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, giza liliokoa asilimia 3 hadi 9 tu ya nishati. Mwangaza ukipandishwa hadi mwisho, akiba ikafika asilimia 39 hadi 47. Lakini ni nani hupandisha mwangaza hadi mwisho? Mtu aliye juani, yaani yule yule ambaye giza linamzuia kusoma.

Usiku ni habari nyingine. Umeme umekatika, uko ndani ya chandarua, mtoto amelala ubavuni na unataka kujibu ujumbe mmoja. Ukurasa mweupe ukifunguka ghafla, chumba kizima kinawaka na mtoto anageuka. Hapo giza ni huruma kwa aliye karibu nawe, na sioni mbadala wake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wetu wanaotengeneza programu. Msimchagulie mtu. Wekeni giza na weupe, na programu ifuate simu ilivyopangwa. Android na iPhone zote zimekuwa na mpangilio wa simu nzima tangu mwaka 2019, si kazi ngumu. Na mkitengeneza giza, msipige nyeusi tupu na nyeupe tupu. WhatsApp walipotoa giza lao Machi 2020 walieleza kuwa rangi hizo mbili zikikutana huchosha macho, wakatumia kijivu kilichokolea na maandishi yasiyo meupe kabisa. Wala msiende upande wa pili. Nimekutana na programu ya kulipia bili ambayo, ikiwa gizani, tarakimu za salio ni kijivu juu ya kijivu. Salio! Kitu ambacho mtu amekuja kukitazama.

Simu yangu siku hizi inageuka nyeusi saa moja jioni na kurudi nyeupe saa kumi na mbili asubuhi, yenyewe. Ya mama iko nyeupe usiku na mchana. Tuliketi barazani tukaipanga pamoja, hatua kwa hatua, yeye akiangalia na kusema "hapo" au "rudisha". Herufi tumezikuza mara mbili, na jua likizama mwangaza unashuka polepole mpaka ukurasa unakuwa na rangi ya karatasi iliyo karibu na kibatari.