Nani anadaiwa ukweli kabla ya kitanda?

Mahakama ya Rufaa ya England na Wales imetoa hukumu mbili ambazo mimi sioni jinsi zinavyokaa pamoja. Mwaka 2013, katika kesi ya McNally, ilisema kwamba kumdanganya mtu kuhusu jinsia yako kunaweza kuiondoa ridhaa yake. Mwaka 2020, katika kesi ya Lawrance, ilimfutia hatia ya ubakaji mwanamume aliyedai amefunga uzazi kumbe hakufunga.

Tuanze na McNally, aliyezaliwa wa kike na kujitambulisha kwa mpenzi wake kuwa mvulana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003 inasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Jaji Leveson alieleza kwamba uongo kuhusu utajiri hautoshi kuivunja ridhaa, lakini wa jinsia unalibadilisha tendo lenyewe machoni pa aliyedanganywa. Hatia ikabaki, ila kifungo cha miaka 3 kilishushwa hadi miezi 9, tena cha nje.

Hoja hiyo ina uzito. Ridhaa ni mali ya anayeitoa, na si kazi ya mwingine kumwamulia lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Anayesema “nilinyamaza kwa sababu angekataa” ameshakiri kwamba jibu alilijua.

Lakini hoja hiyohiyo inamgusa Lawrance. Mwanamke alimuuliza waziwazi kabla hawajalala pamoja, akahakikishiwa. Kesho yake jamaa akamtumia ujumbe wa kukiri kwamba bado anaweza kuzaa. Mimba ikaingia, ikatolewa. Mahakama ikasema uongo ule ulihusu matokeo ya tendo, haukuhusu tendo. Mwenye kubeba mimba sidhani kama anaiona tofauti hiyo.

Desemba 2024 waendesha mashtaka wa huko walitoa mwongozo mpya unaokwenda mbali zaidi: kutosema jinsia uliyozaliwa nayo kunaweza kuhesabiwa sawa na kudanganya. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mwanamke aliyebadili jinsia anapoishi kama mwanamke haigizi. Kwake huo ndio ukweli, na kunyamaza si sawa na kutunga uongo. Tena kusema kuna hatari yake. Gwen Araujo, binti wa miaka 17, aliuawa California mwaka 2002 na vijana wa kiume waliogundua jinsia aliyozaliwa nayo, na mawakili wao wakajaribu kuuegemeza utetezi kwenye mshtuko wa ugunduzi huo. Ilikuwa hadi 2014 ndipo jimbo hilo, la kwanza Marekani, lilipoupiga marufuku utetezi wa namna hiyo.

Kwa hiyo swali la lini na wapi ni zito kuliko la kusema au kutosema. Ukiandika kwenye wasifu wa programu ya kutafuta wachumba, unawaita matusi na wale wanaokutaka kama kioja. Ukisubiri mko wawili chumbani, umechagua saa mbaya kuliko zote. Katikati kuna simu, kila mtu yuko kwake, kabla ya kugusana. Kwa maoni yangu deni la kusema lipo, nalo huiva kabla ya kitanda, si kabla ya kikombe cha kwanza cha kahawa. Anayeulizwa moja kwa moja ana haki ya kukataa kujibu na kuaga. Hana haki ya kudanganya kisha akalala naye.

Hilo ni deni la utu, na polisi si wa kulidai pale ambapo Lawrance alifutiwa hatia. Mambo haya hufanyika bila shahidi. Mpenzi aliyeambiwa mapema anaweza kukana baadaye, ndugu zake wakishajua na aibu ikamshika. Chini ya mwongozo huu, aliyebadili jinsia atalazimika kutunza ule ujumbe aliojieleza kama ushahidi, ndani ya simu inayoweza kuibwa au kuchunguliwa na yeyote.