Ugonjwa wa kurithi si lazima uonekane kwa mzazi
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba mtoto mwenye xeroderma pigmentosum, yaani ugonjwa ambao seli hushindwa kukarabati DNA iliyoharibiwa na miale ya jua, lazima awe ameurithi kwa mzazi mgonjwa. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mwanasayansi James Cleaver alionyesha mwaka 1968 kwamba kasoro iko katika ukarabati wenyewe, lakini ugonjwa hujitokeza pale tu mtoto anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na pia kwa mama, nao wazazi kwa kawaida ni wazima kabisa, huku kila ujauzito wao ukiwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu, nikiwa muuguzi wa kliniki ya ngozi hapa Dar es Salaam, nimempokea mama aliyemfunika mwanawe kanga gubigubi, mtoto ana madoadoa meusi hadi midomoni na hawezi kufumbua macho penye mwanga, naye mama analia kwamba wakwe zake wanamtuhumu kuleta mkosi katika ukoo. Je, yupo msomaji anayejua familia iliyopewa ushauri wa kijenetiki kabla ya kuzaa tena?