Koki Moja Chini ya Sisteni

Hapa Uingereza, pembeni ya sisteni ya choo, kile kitangi cha maji ya kuvuta, kuna koki ndogo ya milimita 15. Haina mkono, ina ufa tu wa kuingiza bisibisi. Ukiizungusha robo mzunguko, maji ya choo kile yanakatika na nyumba nzima inaendelea kupika na kuoga. Kanuni za maji za 1999 zinataka iwepo. Kila nikiiona nafurahi, halafu naikumbuka Mombasa na roho inaniuma.

Kwetu bomba linatoka tangi la juu moja kwa moja hadi kwenye boya, linaloelea ndani ya sisteni na kufunga maji ikijaa. Ile washa, mpira mdogo unaozuia maji kwenye boya, ikichoka, ama ufunge maji ya ghorofa nzima ugombane na wapangaji, ama uyaache yatiririke. Mwisho wake mnaujua: boya linafungwa kamba, sisteni inageuka pa kuwekea sabuni, ndoo inarudi kazini.

Najua nitaambiwa, "Keshavuka bahari, choo cha kwao sasa kinamnukia." Hasha. Choo chetu cha kuchuchumaa cha kumwagia maji nakiheshimu kuliko vyote. Hakina boya wala mpira wa kuchoka; lita 2 au 3 zikimwagwa kwa nguvu zinatosha, na maji yakibaki kwenye shingo yake harufu haipandi. Huku sisteni mpya zinaruhusiwa hadi lita 6 kwa mvuto mmoja, na ikiharibika watu wanakaa kumsubiri fundi. Tena maji ya kuchamba hakuna, ni karatasi tu! Kwa usafi hawatufikii, na hilo nitalisema popote.

Lakini wa pili atauliza, "Maji yenyewe ya mgao, koki ya nini?" Jamani, mgao ndio sababu yenyewe. Maji yanakuja usiku wa manane, tangi linajaa, watu wamelala, na boya bovu linayapitisha kwenye bomba la kufurika, lile lililosimama ndani ya sisteni, hadi bakulini bila kelele. Asubuhi tangi tupu, lawama zote kwa mgao, na mkokoteni wa mitungi ya lita 20 uko mlangoni.

Kumjua mwizi ni rahisi. Funua kifuniko. Maji yakiwa yanamwagikia ndani ya bomba la kufurika, kosa ni la boya: lishushe mpaka maji yasimame kama sentimita 2 na nusu chini ya mdomo wa bomba lile. Yakizidi kupanda, badilisha washa. Kama kimo chake ni sawa lakini sisteni inajijaza tena bila mtu kuvuta, tia matone ya rangi ya chakula ndani na usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea bakulini, mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kuvutia maji, haubani.

Hapo watu wengi hununua sisteni nzima, na ndipo ninapokasirika. Funga maji, vuta, toa mpira ule, uende nao dukani upate wa kipimo hicho hicho. Kabla ya kuupachika mpya, gusa pale unapokalia. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chumvi na chokaa, na chokaa hiyo huganda pale. Ilainishe kwa siki, uisugue kwa kitambaa. Usiikwangue kwa kisu, maana mkwaruzo ndio njia mpya ya maji. Zitazame na bolti zinazoshika sisteni juu ya bakuli. Za chuma cha kawaida huliwa na kutu, tafuta za shaba au plastiki. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwani ukilazimisha upande mmoja kauri itapasuka.

Mnaojenga Bamburi na Kisauni kule Mombasa, mwambieni fundi sasa, kabla ya vigae: koki moja kwa kila sisteni. Iwe ya plastiki nzuri, kwa sababu ya chumvi, na ikae nje ya ukuta ambapo mkono unafika.