Rangi Haizaliwi na Maana

Ukikaa na wasanifu wa nembo, hutamkosa atakayekutolea lile jedwali lao: buluu ni uaminifu, kijani ni uhai, nyekundu ni hatari, au mapenzi, kutegemea mteja anataka nini. Mimi sina imani nalo. Kwenye masoko ya hisa ya China bara, nyekundu huonyesha bei iliyopanda na kijani iliyoshuka. New York ni kinyume chake. Rangi ileile, huku mtu anachekelea, kule mwenzake kashika kichwa.

Alama hujazwa maana na yale yanayotendeka chini yake. Msalaba mwekundu uliokubaliwa Geneva mwaka 1864 hata mtoto anaweza kuuchora, ila majeruhi vitani akiuona hujua msaada umefika. Swastika, ule msalaba wenye ncha zilizokunjwa, ni ishara ya heri kwa Wahindu na Wabudha tangu kale. Ulaya, Wanazi waliitia doa lisilofutika.

Lakini inayonifikirisha zaidi ni alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu yaliyozunguka kiduara. Ilibuniwa mwaka 1946 huko Berkeley, California, kisha ikazoeleka kwa nyeusi juu ya njano. Kwa mwanafizikia ni onyo kali. Kwa asiyefundishwa ni pangaboi tu, na pangaboi halimtishi mtu. Ndipo mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likazindua alama ya nyongeza: pembetatu nyekundu, mionzi ikishuka kutoka juu, fuvu na mifupa, na mtu anayetimua mbio. Hii haikukusudiwa kubandikwa mlangoni. Huwekwa kwenye kifaa chenyewe, chini ya kifuniko, ionekane pale tu mtu anapoanza kukifungua. Huo ndio usanifu ninaouheshimu: kuna aliyekaa akamfikiria mtu mwenye bisibisi mkononi, asiyejua kusoma maandishi yoyote ya pale, akamwambia kimbia.

Kampuni zinazobadili nembo kila zikichoka hazijiulizi hata nusu ya hayo. Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, walitoa nembo mpya Oktoba 2010, na baada ya takriban wiki moja wakairudisha ya zamani, maana wateja walikuja juu. Watu hawakuwa wanaupigania mraba wa buluu wa ile nembo ya zamani. Walipigania mazoea yao ya miaka. Ingawa, tuseme ukweli, ile mpya ilikuwa mbaya.