Matokeo ya utafutaji katika programu ya barua na habari: tarehe kwanza au ulinganifu kwanza?

Programu inayosoma barua pepe pamoja na habari, yaani milisho ya RSS na Atom (mifumo inayoleta makala mpya za tovuti) au makundi ya Usenet (mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano), huwa na kisanduku kimoja cha kutafutia. Wasanifu hugawanyika hapohapo. Wapo wanaotaka matokeo yatokee ndani ya orodha ileile ya ujumbe, mpya ukiwa juu. Wapo wanaotaka ukurasa wake peke yake, uliopangwa kwa ulinganifu na maneno yaliyoandikwa. Kwa maoni yetu barua na habari hazitafutwi kwa nia moja, kwa hiyo mpangilio mmoja kwa zote mbili utaumiza upande mmoja. Ikilazimu kuchagua mmoja tu, tarehe ishinde.

Anayetafuta barua mara nyingi anajua kwamba ipo. Aliwahi kuiona, anamkumbuka mtumaji, anakumbuka ilikuja majira gani, labda hata kiambatisho chake. Orodha ya tarehe inampa vitu alivyokwisha kuvizoea: safu ya mtumaji, mada, alama ya kusomwa na vitufe vilevile vya kibodi. Pia inampa kitu ambacho watetezi wa ulinganifu hukisahau: barua isipoonekana mahali pake, hilo nalo ni jibu. Ukipita Machi na Aprili bila kuikuta, unajua haikuja miezi hiyo. Katika orodha ya ulinganifu hujui uache wapi, maana kilicho nafasi ya 40 kinaweza kuwa ndicho.

Upande wa habari mambo hubadilika. Mtu mwenye milisho mingi akiandika neno la kawaida, hupata mamia ya makala ambazo hajawahi kuziona, na makala ya leo inayolitaja neno hilo mara moja tu huikalia juu ile iliyolichambua kwa kina wiki tatu zilizopita. Hapo ulinganifu unastahili nafasi yake. Hata kwa barua hoja hii imepata nguvu: Machi 2025 Google ilitangaza kwamba Gmail itapanga matokeo kwa umuhimu, ikizingatia upya wa barua, barua zinazofunguliwa mara nyingi na watu unaoandikiana nao, lakini ikaacha swichi ya kurudi kwenye mpangilio wa tarehe. Swichi hiyo ni ungamo la aina yake.

Tatizo la ulinganifu liko katika mitambo yake. Programu nyingi za mezani huweka faharasa, yaani orodha ya maneno ya kutafutia, katika hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, na moduli yake ya kutafuta maandishi, FTS5, hupanga kwa BM25, kanuni inayopendelea maandishi mafupi. Matokeo yake jibu la mstari mmoja, "Asante, mkataba umefika," huipita barua ndefu yenye mkataba wenyewe. Nukuu nazo huharibu zaidi: kila anayejibu hubeba maneno ya mwenzake chini ya alama ya ">", kwa hiyo neno moja huhesabiwa katika barua kumi ingawa aliyeliandika ni mmoja. Dawa zipo. Ondoa mistari ya nukuu kabla ya kuweka kwenye faharasa, au iweke katika safu yake yenye uzito mdogo. FTS5 hukuruhusu kutoa uzito kwa kila safu, tuseme 10 kwa mada, 5 kwa mtumaji, 1 kwa mwili. Usisahau kwamba alama zake hutoka hasi na ndogo zaidi ndiyo bora. Anayepanga kinyume hupata orodha iliyopinduka, na kosa hilo halionekani mpaka matokeo yawe mengi.

Thunderbird ilijaribu kuziweka njia zote mbili. Toleo la 3, Desemba 2009, lilileta kichupo cha utafutaji wa jumla chenye vichujio pembeni na grafu ya muda, pamoja na kiungo cha kufungua matokeo kama orodha ya kawaida. Baadaye, toleo la 3.1 la 2010 likaongeza upau wa kuchuja haraka ndani ya folda. Kwa nguvu ni mpango mzuri. Gharama yake ni kwamba mtumiaji ana sehemu mbili za kuandika zinazofanana sura na kutofautiana tabia, na akikosa kitu hajui alikosea neno au alikosea kisanduku.

Mazungumzo yenye majibu mengi ni mtego mwingine. Ukionyesha uzi mzima kama mstari mmoja, orodha hupungua vizuri, lakini neno lililotafutwa liko katika jibu la 14 na mstari unaonyesha mada ya ujumbe wa kwanza. Mtu anafungua, haoni neno, anarudi. Mstari uonyeshe ujumbe wenyewe uliolingana, dondoo lenye neno likiangaziwa, na idadi kama "3 kati ya 17". Uzi uliobaki ufunguke kuuzunguka. Nakala za ujumbe mmoja katika folda au makundi kadhaa ziunganishwe kwa kutumia Message-ID, kitambulisho cha pekee cha kila ujumbe, huku majina ya folda zote yakibaki kwenye mstari.

Halafu kuna seva. RFC 3501, hati ya kanuni za IMAP (itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva), inasema amri yake ya SEARCH hulinganisha kipande cha maandishi popote kilipo, ilhali faharasa ya kwenye kompyuta hulinganisha maneno mazima. Swali moja, majibu mawili. Kwa Kiswahili pengo ni kubwa zaidi: "mkutano" haileti "mikutano", kwa kuwa mabadiliko yako mwanzoni mwa neno na ukataji wa viambishi vya mwisho hausaidii. Kigawanyaji kinachokata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, kilichoingia SQLite 3.34, humwezesha mtu kuandika "kutano" akapata yote mawili. Faharasa itanenepa, na maneno ya herufi mbili hayatapatikana kwa MATCH, neno la kutafutia la FTS5.

Matokeo ya seva yakichelewa yasijipenyeze katikati ya orodha, kwani mtu atabofya mstari uliosogea. Yawekwe juu kama taarifa, "Mengine 12 yamepatikana", yaingie akibofya. Na orodha ikiwa tupu, iseme imetafuta wapi: "Hakuna katika ujumbe uliopakuliwa" ni tofauti na "Hakuna". Kwa Usenet tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mara nyingi vichwa tu ndivyo vilivyopakuliwa.

Kubaki na orodha ya kawaida kuna hatari yake pia. Ukitafuta barua zisizosomwa na kufungua moja, inakuwa imesomwa. Programu isiyojali huitoa papo hapo na uteuzi huruka kwenda nyingine. Mstari ubaki hadi utafutaji urudiwe. Kubwa kuliko hilo ni Ctrl+A (kuchagua vyote) ikifuatiwa na Delete: ndani ya folda hufuta folda moja, ndani ya matokeo hufuta kutoka folda zote, pamoja na folda ya kumbukumbu. Safu ya folda isifichike, na uthibitisho utaje idadi ya ujumbe pamoja na folda zitakazoguswa.